Unyoya wa Kalooli

Kama umewahi kuachwa na mtu, halafu ukamsikia akimpa mwenzako maneno yaleyale aliyokupa wewe, hata kikohozi mahali palepale, basi hutapata taabu kunielewa. Kama hujawahi, soma tu ucheke. Mimi nacheka sasa. Wakati ule nilitaka vitu viwili: watu wote wa kichochoro chetu wajue kwamba maneno ya mumiani wa kwenye sinema ni yangu, na yeye aumie. Sijui kipi nilikitaka zaidi. Nadhani cha pili.

Tulikuwa Kabalagala, mtaa wa baa pale Kampala. Mama yangu alikuja kutoka Kenya baada ya vita vya Uganda, watu wakiwa bado wanaziba matundu ya risasi kwenye kuta, mimi nikiwa mgongoni mwake. Akapata mahali pa kukaangia chapati pembeni mwa kibanda cha video, nyuma ya zile baa. Hapo ndipo nilipokulia, na hapo ndipo niliporudi shule iliponishinda kidato cha pili. Sikusikitika sana. Nilikuwa mtu wa kuota mchana. Nikikanda unga naota, nikiosha sahani naota, na chapati nyingi ziliungua kwa sababu mimi nilikuwa mahali pengine kabisa, naolewa na mtu mwenye farasi.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati na mapazia meusi, mabenchi yasiyo na migongo, televisheni moja kubwa mbele, na spika mbili zilizosikika mpaka barabarani. Sinema zilikuja kwa Kiingereza, na Kiingereza cha sinema kinakimbia kama mtu aliyeona nyoka. Kwa hiyo kila kibanda cha Kampala kina mtu wake wa kushika maikrofoni na kuwaeleza watu nani kasema nini, papo hapo, picha zikiendelea. Wanamwita VJ. Vibanda vya jirani vyote VJ alieleza kwa Kiganda. Cha kwetu kilieleza kwa Kiswahili, maana mwenyewe alikuwa mzee wa Kikongo, tukimwita Papa, na wateja wake walikuwa watu ambao Kiganda hakijawakaa vizuri: akina mama wa Kikongo wanaotembeza vitenge, mafundi magari wa Kenya, na askari walio likizo.

Sasa, Kiswahili Kampala kina sifa yake. Wenyeji wengi walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Nimeona bibi mzima akisalimiwa "habari ya asubuhi" sokoni, akaukumbatia mkoba wake. Na huyo VJ wetu alikuwa mtoto wa askari jela. Alikulia kwenye nyumba za askari wa jela ya Luzira, juu ya bandari ya Port Bell, na Kiswahili chake chote alikiokota kwenye gwaride. Kijana mzuri, siwezi kusema uongo. Mrefu, ana mwanya, sauti kama pipa linalobingirika mlimani. Lakini hakuwa na neno hata moja la kumwambia mtu unayempenda. Alikuwa na amri tu.

Haikuwa shida kwenye sinema za vita. Shida ilikuja siku Papa alipoleta sinema ya mapenzi ya mnyonya damu na malaika. Ilikuwa ndefu, sehemu tatu, na Papa alizipata kanda moja moja. Nilikuwa nimeingia na sahani za chapati na maharage, nikasimama mlangoni kutazama kidogo. Kwenye picha, kijana mweupe kama unga, midomo myekundu, amesimama dirishani. Ndani msichana mwenye mabawa amelala. Muziki unalia taratibu. Kibanda kizima kimya. VJ wetu akavuta pumzi, akanguruma:

"Wewe malayika! Amka! Simama kwa mstali! Toa damu, halaka!"

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Mama mmoja wa vitenge akauliza kwa sauti, "Hii ni mapenzi ao ni kufungwa?"

"Anataka kumbusu ama anampeleka korti?" fundi mmoja akadakia.

VJ akakasirika, akaongeza sauti, ikawa mbaya zaidi. Na mimi, sijui nini kilinishika. Nilimwangalia yule kijana wa kwenye picha, jinsi alivyoweka kiganja kwenye kioo bila kugonga, na maneno yakanitoka nikiwa na sahani mkononi. "Usiogope. Sikuja kuchukua. Nimekuja kuomba."

Benchi la karibu likanyamaza. Mama wa vitenge akageuka. "Eh! Rudia."

Nikarudia. Malaika kwenye picha akafungua macho, akasema kitu. Nikamjibia, "Unaomba nini, na mikono yako ni baridi hivyo?" Watu wakapiga makofi. Yule VJ akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto.

Sinema ilipoisha Papa aliniita. "Binti, weye unajua Kiingereza?"

"Kidogo sana, Papa."

"Sasa umejuaje anachosema?"

"Si unamwangalia tu macho."

Papa akajikuna ndevu, akafikiri. Akasema watu wamezoea sauti ya mwanamume, na huyu kijana ana sauti. Basi nikae nyuma yake, nimpe maneno, yeye ayatoe. Ndivyo nilivyopewa kreti la soda nyuma ya pazia, ubavuni mwa televisheni, mahali ambapo mimi naona picha kwa upande na watu hawanioni. Kazi yangu ya pili ilikuwa kurudisha kanda nyuma kwa kalamu mashine ikikataa. Ile ya kwanza ilikuwa kunong'ona.

Nieleze ilivyokuwa, maana kila kitu kilianzia hapo. Sinema haingoji. Mtu kwenye picha akifungua mdomo, VJ naye lazima awe amefungua. Kwa hiyo mimi nilitangulia maneno mawili matatu, yeye akifuata. Nikinong'ona "moyo wangu", yeye anangurumisha "MOYO WANGU", mimi tayari niko kwenye "hauna mlango". Wiki za kwanza alisikiliza, akauliza, akabisha. Baadaye akazoea. Maneno yakawa yanaingia sikioni na kutoka mdomoni bila kupita kichwani, kama maji kwenye bomba.

Vingi tulivitunga hapo nyuma ya pazia. Kwanza jina. Yeye alitaka kumwita yule kijana musezi, kama wale wachawi wa Uganda wanaofukua maiti. Wateja wakakataa. "Musezi nani atampenda?" walisema. "Ananuka!" Mama yangu alipokuwa mtoto walikuwa wakitishwa na mumiani, watu wa kukamata watoto na kuwatoa damu. Nikalichukua hilo jina, nikaliosha uso, nikampa kijana wetu. Malaika nikamtoa kanisani, ila nikamwongezea yangu: kila akidanganywa, unyoya mmoja unadondoka.

Halafu kulikuwa na ule mlango. Kila mara mumiani alipofika nyumbani kwa malaika alisimama kwenye kizingiti, mlango wazi, na haingii. VJ alifunika maikrofoni akaniuliza, "Hii jinga kwa nini haingii? Mlango iko wazi!"

"Hajakaribishwa," nikamwambia.

Basi. Kuanzia siku ile mumiani alisema "Hodi", na kibanda kizima kikaitikia kwa kumpigia kelele malaika, "Usiseme karibu! Usiseme karibu!" Wanaume wazima, wenye grisi mikononi. Hata watoto wa kichochoroni wakawa wanaucheza mchezo huo. Na bibi wa Kiganda aliyeuza ndizi ng'ambo alianza kuja kukaa karibu na spika. Aliniambia, "Nyabo, bibie, sikujua Kiswahili kinaweza kuongea polepole."

Nililia nyuma ya majiko kwa neno hilo. Mimi huwa nalia upesi.

Na yule VJ akanipenda, au alisema ananipenda. Alinisindikiza kuchota maji. Siku moja aliweka mtungi chini, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila mtu wa kumnong'oneza: "Wewe ukicheka, mimi..." Akakohoa. "...mimi nasahau njia ya kuludi Luzira." Lilikuwa neno la kupinda, ndiyo. Kwa sababu hiyo nililiamini. Niliwaza, huyu ambaye hupewa maneno yote, hili kalitafuta peke yake.

Kisha akanipa unyoya. Mweupe, mrefu, umepinda kidogo nchani. "Wa malayika," akasema. Mimi nilijua vizuri ni wa kalooli, lile ndege kubwa lenye upara na mfuko shingoni linalosimama kwenye majalala ya Kampala likila kila kitu. Aliuokota tu njiani. Niliuosha kwa sabuni, nikauanika kwenye kamba kati ya shuka mbili. Mama akatoka akautazama.

"Umeanika nini, kuku?"

"Ni wa mtu, mama."

"Huyo mtu anakula nini?"

Nikauanua kambani. Niliulaza chini ya mto wangu.

Sehemu ya pili ya sinema ilipokuwa ikioneshwa mara kwa mara, kwa kuwa watu waliiomba, alianza kuja msichana mmoja wa Kyambogo. Alikuwa anasomea ualimu. Viatu vyeupe, mkoba wa vitabu, mpole, anasema "samahani" akipita kati ya magoti ya watu. Sikumchukia, hata nilipotaka kumchukia. Alikaa benchi la mbele kabisa. Mchana mmoja sinema imeisha, watu wametoka, mimi niko nyuma ya pazia na kanda na kalamu yangu, nikawasikia.

"Haya maneno unayatoa wapi?" msichana aliuliza. "Yule mumiani, ningekuwa mimi ningeshasema karibu zamani."

"Yanakuja tu," akajibu. "Kama ndoto."

"Yaani hujaandika popote?"

"Wapi! Ni kichwa tu." Akamsogelea. "Wewe ukicheka, mimi..." Akakohoa. "...mimi nasahau njia ya kuludi Luzira."

Kalamu ilisimama mkononi mwangu. Hata ule mkato wa katikati alikuwa ameutunza! Nilichungulia kwenye tundu la pazia. Msichana alikuwa anatabasamu, na kwenye nywele zake, umefungwa kwa uzi mwekundu, unyoya mweupe mrefu, umepinda kidogo nchani.

Akaniona, au aliona pazia likitikisika. "Nani yuko huko nyuma?"

"Huyo?" Hakugeuka hata kunitazama. "Huyo ni wa kuludisha kanda."

Nimeshaambiwa mabaya zaidi ya hilo maishani. Lakini mengine yote yalisemwa na watu ambao sikuwa nimewapa kitu. Huyu alikuwa amevaa maneno yangu kama shati, amesimama nalo mbele ya watu, halafu ananiambia mimi ni kamba ya kuanikia.

Nikanyamaza. Nataka hilo lieleweke: sikupiga kelele, sikumwendea, sikumwambia Papa. Nilimaliza kurudisha kanda, nikaiweka kwenye boksi lake, nikaenda kukanda unga. Niliukanda unga ule mpaka meza ikasogea.

"Unga umekukosea nini?" mama akauliza.

"Haujalainika."

"Umelainika tangu saa ile. Unaua."

Usidhani nilikuwa na mawazo ya heshima. Nilimwota amesimama katikati ya jiji, kalooli kumi wamemzunguka, kila mmoja anataka unyoya wake. Nilimwota amerudi kuwa mtu wa amri tu, hana neno, anampenda mtu mpaka anakonda na hawezi kumwambia chochote isipokuwa "Simama kwa mstali." Hiyo ndiyo niliipenda kuliko zote. Kanisani nilipiga magoti nikasema, Bwana, najua kisasi ni kazi yako, lakini una mengi, hiki kidogo niachie mimi. Nikajisikia vizuri kabisa, nikaimba kwa sauti.

Papa akapata sehemu ya tatu. Wakatangaza: Jumapili, baada ya kanisa, mumiani na malaika wanamaliza. Asubuhi ile VJ alikuja kwenye meza yetu, amevaa shati jipya, akachukua kipande cha chapati bila kuomba.

"Leo usiniangushe," akasema. "Watu watajaa. Na kuna mgeni wangu mbele."

"Nimemwona mgeni wako."

Akanitazama kidogo. "Ah, mukwano, mpenzi wangu. Huyo ni rafiki tu. Wewe si unajijua?"

"Najijua," nikasema. "Mimi ni wa kurudisha kanda."

Nilidhani ataona haya. Alicheka! Alidhani natania. Hapo huruma yangu ya mwisho ikaisha, na mimi nina huruma nyingi, muulize mtu yeyote.

Walijaa kweli. Waliokosa benchi walisimama, waliokosa pa kusimama walibaki nje karibu na spika, bibi wa ndizi akiwa wa kwanza. Msichana wa Kyambogo alikaa mbele, unyoya kwenye nywele. Sinema ikaanza, nami nikafanya kazi yangu kama kawaida. Nikampa maneno mazuri. Nilimpa mazuri kuliko siku zote, ili asistuke. Watu waliguna, waliugua, mama wa vitenge alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Yeye alikuwa amefumba macho, maikrofoni mdomoni, ananguruma kila nilichonong'ona. Bomba liko wazi.

Ndipo mumiani akafika mlangoni kwa malaika kwa mara ya mwisho. Alikuwa ameumia, anashika ukuta.

"Hodi," nikanong'ona.

"HODI!"

"Usiseme karibu!" kibanda kikalipuka.

Mumiani kwenye picha akaanza kusema, polepole, maneno marefu. Nikainama mpaka mdomo wangu karibu uguse sikio lake.

"Malaika, wewe ukicheka, mimi..."

"MALAYIKA, WEWE UKICHEKA, MIMI..."

Nikakohoa. Naye, Mungu amsamehe, akakohoa.

"...mimi nasahau njia ya kurudi Luzira."

"...MIMI NASAHAU NJIA YA KULUDI LUZIRA."

Fundi mmoja akasema, "Kwani mumiani anakaa jela?" Watu wakacheka. Lakini mimi nilikuwa naangalia benchi la mbele. Msichana alikuwa ameacha kutafuna karanga zake.

"Hata huu unyoya niliokupa si wa malaika," nikanong'ona.

"HATA HUU UNYOYA NILIOKUPA SI WA MALAYIKA."

"Ni wa kalooli. Niliokota manyoya mawili jalalani, mmoja nikampa mwenzako."

"NI WA KALOOLI. NILIOKOTA MANYOYA MAWILI JALALANI, MMOJA NIKA..."

Hapo maneno yalipita kichwani. Nilimwona yakipita. Alifumbua macho, akafunika maikrofoni kwa kiganja, akanigeukia. "Unafanya nini, wewe?"

"Sinema inakimbia," nikamwambia. "Sema."

Kwenye picha mumiani alikuwa bado anaongea, mdomo unafunguka na kufungika, hakuna sauti. Watu wakaanza kupiga mabenchi.

"Toa sauti!"

"VJ, umemeza nini?"

"Papa! Kijana yako amekauka!"

Akageukia televisheni, jasho linamtoka, akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akafanya alichoweza kufanya peke yake. "Wewe malayika! Fungua! Hii ni amli! Nahesabu mpaka..." Kibanda kikalia kwa kicheko. Walicheka watu waliokuwa wanalia dakika ile ile. "Wamemfunga tena!" mama wa vitenge akapiga kelele. "Turudishie ule wa mapenzi!"

Akanigeukia. Sijawahi kuona macho ya mtu yakiomba namna ile, na nikiri kwamba niliguswa. Lakini si sana.

"Mwambie," nikanong'ona, "maneno yote niliyosema tangu mwanzo si yangu."

Akatikisa kichwa.

"Basi mwachie aendelee kufungua mdomo bure."

Watu wanapiga mabati sasa. Akasema, na ile sauti ya pipa ilikuwa imebaki kama ya sufuria, "Maneno yote... niliyosema tangu mwanzo... si yangu."

Msichana wa Kyambogo akasimama. Aliinua mkono, akafungua ule uzi mwekundu taratibu, akauvuta unyoya, akautazama kwenye mwanga wa televisheni, mbele na nyuma, kama mwalimu anayekagua kucha. Kibanda kizima kikamwona. Watu wa Kabalagala si wajinga.

"Aiii!" mtu akapiga mluzi. "Kumbe mumiani ni VJ!"

Ndipo malaika kwenye picha akafungua mdomo kujibu, na hakukuwa na mtu wa kumjibia. Nikatoka nyuma ya pazia. Nilikuwa na aproni ya unga. Nikamshika VJ mkono, nikaichomoa maikrofoni, naye hakung'ang'ania.

Sasa hapa kuna jambo sikuwa nimelipanga. Sinema ilikuwa na yake. Mimi nilitaka malaika amfungie mlango usoni, ampige kwa bawa, amwangushe ngazini. Lakini picha hazisikii. Malaika alikuwa anatabasamu! Alikuwa anafungua mikono! Mbele ya watu wote, baada ya yote niliyomfanyia, akamkumbatia yule kijana.

"Msidanganyike," nikasema kwenye maikrofoni. Sauti yangu ilinitisha, ilivyotoka kila upande. "Hajamkumbatia kwa mapenzi. Anamsikiliza kifuani, kama ndani kuna mtu."

Hata benchi halikulia.

"Anasikiliza... anasikiliza... Hakuna mtu."

"Sema, dada!" mama wa vitenge akaitika kama yuko kanisani.

Malaika akafunga macho, machozi yanamtoka. "Analia, ndiyo. Analilia manyoya yake. Aliyafua, akayaanika."

Kisha, ndugu zangu, malaika akatandaza mabawa, akapaa naye. Wakapanda juu ya mapaa, juu ya miti, juu ya mawingu, wameshikana, muziki unapanda nao. Mwisho mzuri kabisa wa mapenzi. Nilitafuta neno, nikalipata likiwa tayari limefika mdomoni.

"Mnaona anavyompandisha? Juu, juu kabisa. Mnajua kwa nini? Ukitaka kumwangusha mtu vizuri, lazima kwanza umpandishe."

Kibanda kikasimama. "Amwangushe!" Walirusha kofia. "Amwangushe! Amwangushe!" Nje bibi wa ndizi alikuwa anapiga vigelegele. Na sinema ikaishia hapo hapo, wakiwa bado angani, yakaja yale majina meupe yanayopanda.

Watu walikataa kutoka. Papa alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akacheka mpaka akakaa chini. "Binti, weye ni hatari. Kesho njoo, kreti utaliweka mbele ya pazia." VJ hakuonekana. Alitoka kwa mlango wa nyuma, na shati lake jipya.

Msichana wa Kyambogo alinisubiri karibu na majiko. Alinyoosha ule unyoya. "Samahani, dada. Huu ni wako?"

"Wangu niko nao. Huo wako uliuosha?"

"Hapana."

"Basi nenda kaoshe nywele," nikamwambia, na wote wawili tukacheka mpaka tukashikana mabega, na yeye katikati ya kicheko akaanza kulia, na mimi nikamkatia chapati ya moto. Mama alitutazama, akageuza chapati zake, akatuacha.

Kwa muda niliishi kama malkia. Nilikaa mbele, na maikrofoni, na watu walinisalimu njiani kwa "Hodi!" nami nikijibu "Sisemi!" Kilichonishangaza ni kwamba kisasi kilikuwa kitamu asubuhi, mchana na jioni. Niliambiwa kitakuwa kichungu. Hakikuwa.

Halafu VJ akaja. Ilikuwa mchana, mama yuko kwenye meza yake, mimi niko chumbani kwetu, naangalia maharage kwenye sigiri karibu na mlango. Kivuli kikasimama nje ya pazia. Nilizijua pumzi zile.

"Hodi," akasema.

Hakulingurumisha. Alilisema polepole, chini, kama nilivyomfundisha kulisema, kana kwamba haji kuchukua, anakuja kuomba. Hilo liliniuma, nisiseme uongo. Nilikuwa nimechukua maneno yote nikadhani nimemwacha mtupu, kumbe moja lilikuwa limebaki naye, na alikuwa analisema vizuri.

Nikakoroga maharage.

"Hodi hapa."

Nikafunua pazia. Alikuwa amekonda kidogo, si sana, si kama nilivyomwota. Kwenye sahani kulikuwa na chapati ya jana, ile iliyokuwa ngumu kama kandambili. Nikaichukua, nikanyoosha mkono juu ya kizingiti, nikampa.

"Kula hapohapo nje."

Akaipokea kwa mikono miwili. Akala amesimama juani, anatafuna kwa nguvu, na mimi nikamwangalia anavyotafuna, mpaka kipande cha mwisho kikabaki mkononi mwake. Hakuniomba msamaha. Alitaka kuuliza kitu kingine.

"Hebu niambie," akasema. "Mimi nilitoka. Sikuona mwisho. Alimwangusha?"

"Nani?"

"Malayika. Alimwangusha yule?"

"Bado wako juu," nikamwambia. "Sijaamua."

Akainua macho, kama mtu anayewatafuta. Juu ya bati la jirani alikuwa amesimama kalooli mmoja mzee, upara wake unang'aa, ametulia kabisa, anakiangalia kile kipande cha chapati.